Kinyago cha kuchongewa na mwenzako: kupokezana kiti cha mwendesha mchezo

Habari za jioni, ndugu zangu. Nashukuru kwa mwaliko, na nimefurahi kuona vijana wa meza ya nyuma wamekuja na dadu zao kabisa.

Wazazi mliowasindikiza, nieleze kwanza tunazungumzia nini. Watu wanne watano wanakaa mezani. Kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi: mpiganaji, mwizi, mganga, mchawi. Mmoja wao hana mhusika, kwa sababu yeye ndiye dunia nzima. Ndiye mvua, ndiye mlinzi wa lango, ndiye joka, na ndiye hakimu wa kanuni. Huyo ni mwendesha mchezo, au DM kama vijana wanavyomwita. Hadithi ikiendelea wiki hadi wiki, pengine miaka, tunaiita kampeni.

Mimi nilikalia kiti hicho miaka miwili mfululizo, kila Ijumaa. Watu hudhani nilikiachia kwa uchovu. Uchovu ulikuwepo, sikatai. Kuna Alhamisi nililala saa nane za usiku nikichora ramani. Lakini kilichoniuma ni kingine. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wenzangu walipokuwa wanausogelea mlango wa pango, wamebana pumzi, mmoja ameshika kiti kwa mikono miwili, mimi nilikuwa najua kilichomo, kina nguvu kiasi gani, na kwamba pengine kitakufa raundi ya nne. Nilikuwa nimewapikia karamu, nami sina njaa. Niliwaonea wivu, nawaambia kweli.

Na wivu huo una umri sawa na mchezo wenyewe. Sisi tunaoishi hapa Minnesota tuna haki ya kujivunia jambo moja: michezo hii ilianzia hapa. Dave Arneson aliendesha kampeni yake ya Blackmoor hapa St. Paul, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwishoni mwa 1972 alisafiri hadi Lake Geneva, jimbo jirani la Wisconsin, akamwonyesha Gary Gygax, mtunzi wa michezo ya vita ya mezani. Gygax akaenda kujenga ngome yake ya kubuni, Greyhawk, akaanza na watoto wake, kisha wakaja majirani na marafiki. Januari 1974 wakatoa mchezo wa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo haisemwi sana. Wachezaji wa Greyhawk wakawa wengi kupita uwezo wa mtu mmoja. Mmoja wao alikuwa Rob Kuntz, aliyezaliwa 1955. Gygax alizaliwa 1938. Kijana yule alikuwa amejenga ngome yake mwenyewe. Gygax akamfanya mwendeshaji mwenza, ngome zao mbili zikaunganishwa, na kitabu cha nyongeza cha Greyhawk cha 1975 kina majina yao wote wawili. Kijana asiyefika miaka 20 anakabidhiwa nusu ya dunia ya mtu mzima mwenye familia! Mimi hilo hunigusa kila ninapolifikiria.

Na Gygax alipata nini? Alipata kucheza. Kuntz alipoketi kwenye kiti, Gygax alishika karatasi ya mhusika wake, mchawi aitwaye Mordenkainen, akaingia kwenye ngome asiyoijua. Wale mnaocheza leo mnakutana na jina hilo kwenye vitabu vya uchawi. Mchawi yule yupo kwa sababu mwenye kiti alikubali kuinuka.

Najua mtaniambia manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, wakigombania usukani kwa wakati mmoja. Lakini jahazi linalosafiri siku kumi na usiku wake, hakuna anayeshika usukani siku zote kumi bila kulala. Watu hupokezana, na anayepumzika hapigi kelele kutoka alikolala.

Hilo la kutopiga kelele nililijifunza vibaya. Ijumaa ya kwanza ya kupokezana, dada mmoja wa meza yetu aliketi kwenye kiti changu, akasimamisha kile kibao cha kadibodi cha kuficha karatasi. Mchezaji mmoja akasema, "Nataka kumrukia mlinzi kutoka juu ya ukuta. Nirushe dadu gani?" Akauliza akinitazama mimi. Nikajibu papo hapo: "Ya pande 20, ongeza wepesi wako." Jibu lilikuwa sahihi. Dada alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye daftari lake. Nikauona mkono ule unarudi polepole, ukalala mapajani. Kuanzia hapo kila swali lilikuja kwangu. Yeye akabaki kama msomaji wa hadithi.

Usiku ule tukiosha vikombe jikoni nikamwambia, "Dada, nisamehe, nimekunyang'anya kiti."

Akanijibu, "Kaka, ukijua jibu, kaa nalo. Nikikosea, tutarekebisha wiki ijayo."

Tumeishika kanuni hiyo mpaka leo. Asiye kwenye kiti hasemi kanuni mpaka aulizwe na aliye kwenye kiti. Akiulizwa na mchezaji mwingine, anamwonyesha kwa kidole mwenye kiti.

Namna za kugawana ziko kadhaa. Mnaweza kugawana ramani: kaskazini ya mto ni yangu, kusini ni yako. Mnaweza kugawana safari: mkasa huu nauendesha mimi mpaka uishe, unaofuata ni wako. Mnaweza hata kukaa wawili kwa pamoja, mmoja akaendesha maadui vitani huku mwingine akishughulikia kundi lililotengana na wenzao. Kwa wanaoanza, mimi nashauri kugawana safari. Kukaa wawili kwa pamoja kunafaa meza yenye watu wengi tu, na kunataka watu wanaojuana sana.

Swali la mhusika wako yuko wapi wakati wewe ndiye dunia, lina jibu zuri kwenye mchezo wa Ars Magica, uliotoka 1987 kwa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen. Kule wachawi hutumia majira mazima wakisoma na kufanya majaribio kwenye maabara zao. Kwa hiyo mchawi wako akibaki nyumbani hakuna anayeshangaa, ana kazi. Kila mchezaji ana mchawi wake, ana mwandani wake, na walinzi na watumishi ni wa meza nzima, yeyote anaweza kuwaigiza. Mchezo ule uliandikwa ukitarajia kiti kipokezanwe. Sisi hatuchezi Ars Magica, lakini tuliazima wazo: mhusika wa mwenye kiti hubaki mjini, anapata pointi za uzoefu sawa na wenzake, ila hapati chombo cha uchawi kinachotoka kwenye safari aliyoiandaa yeye. Msipoweka hili mapema, kuna siku mtu atajipa upanga wa moto na urafiki utaingia doa.

Lakini kigumu kuliko vyote ni siri. Katika dunia yangu kulikuwa na mzee wa kivuko. Wachezaji walimjua kama mzee mwenye upondo mrefu, anayegonga ubao wa mashua mara tatu kuwaita abiria. Kwenye daftari langu alikuwa ndugu wa mfalme aliyepotea, na nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja juu yake. Sikumwambia mtu. Wiki ya tatu ya zamu ya dada, mto ukafurika, mashua ikapinduka, mzee akafa maji. Nilikaa pale nimeduwaa, moyo unanidunda, nikitaka kusema "hapana". Sikusema. Nikarudi nyumbani nikazifunga zile kurasa, na kwa siku mbili nilikuwa na hasira na mtu asiye na kosa lolote.

Tangu hapo tuna daftari mbili. Moja ni la wote, linaandikwa kila tukimaliza, na ndani yake mna kile tu kilichosemwa mezani. Hicho kimetokea, hakuna wa kukifuta. La pili ni la mwenye zamu peke yake, na yaliyomo bado hayajatokea. Ukiwa na siri inayomhusu mtu ambaye mwenzako anaweza kumgusa, una njia mbili: umnong'oneze mwenzako asimwue, au ukubali kuipoteza. Mimi kwa sasa nyingi nakubali kuzipoteza.

Niwaambie kwa nini. Miezi minne baadaye tuliingia kwenye ghala la chini ya mnara, ghala nililolichora mimi mwenyewe, najua lina ngazi ngapi. Mhusika wangu alitangulia na taa. Dada akasema maji yamefika vifundoni, kisha akanyamaza. Akaingiza mkono chini ya meza na kugonga ubao kwa vifundo vya vidole: mara moja, mara mbili, mara tatu.

Meza nzima ilikauka. Nilikuwa nimeshika dadu, na kiganja kimelowa jasho.