Kibao cheupe na jua la utosini

Asanteni kwa kuja, na kwa kustahimili joto la ukumbi huu. Leo nitazungumzia kibao cheupe, kile tunacholinganishia mwanga wa jani, kuliko spektromita yenyewe, yaani kifaa cha kupima mwanga, maana hapo ndipo vipimo vingi huharibikia.

Spektromita tunayoibeba kwenda kwenye mikoko ya Tudor, hapa Mombasa, haijui jani linaakisi kiasi gani. Inahesabu tu mwanga ulioingia. Ndiyo maana tunapima kibao, kisha jani, tunatoa ile namba ambayo kifaa huonyesha hata kikifunikwa gizani, ndipo tunagawanya namba ya jani kwa ya kibao. Kibao kizuri huakisi kama asilimia 99 ya mwanga unaoonekana. Kikishikwa na kidole chenye mafuta, au kikikaliwa na chumvi ya bahari, hiyo 99 haipo tena, na kila jani la siku hiyo litaonekana jeupe kuliko lilivyo. Grafu itapendeza vilevile! Wingu nalo likipita kati ya kibao na jani, rudi kwenye kibao, usibishane.

Sasa jua. Vitabu vingi vinatuambia tupime kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kwa walio mbali na ikweta ni ushauri mwema. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwake. Karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hutupitia utosini. Lenzi ya nyuzi 25 ikitazama chini kutoka mita moja, inaona duara la sentimita 44 hivi. Adhuhuri ya siku hizo, kivuli cha lenzi na cha mkono wako kinaangukia humo humo. Mimi nasema tumalize kabla ya saa tano na nusu. Setilaiti za Sentinel-2, zinazopiga picha za dunia kutoka angani, nazo hupita asubuhi, kwa hiyo hatupotezi kitu.

Kifaa kiwashwe mapema, kipate joto. Kinachopima mawimbi ya mwanga ya nanomita 350 hadi 2500 kwa kawaida kina vihisio vitatu, kila kimoja na sehemu yake ya mawimbi, na visipotulia grafu huruka pale vinapopokezana, karibu na nanomita 1000 na 1800.

Kuhusu kuhakikisha kifaa kinasoma urefu wa mawimbi sawasawa, oksijeni ya hewani inatusaidia bure: hufyonza mwanga karibu na nanomita 760. Tazama grafu ya mwanga wa jua kwenye kibao: hapo pana bonde. Bonde hilo likihamia 765, funga sanduku, kifaa kirudi maabara kisahihishwe kwa taa ya zebaki na argoni.