Uzee wa Japani na Kazi Isiyowekewa Akiba

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie athari za kiuchumi zinazoipata nchi ambayo wazee wake wanazidi kuwa wengi, nami nimechagua kuitazama Japani peke yake, kwa kuwa huko jambo hili si utabiri tena: limekwisha kutokea, na kila hatua yake imeandikwa kwa mwaka na kwa tarakimu. Mwaka 1970 watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea walikuwa asilimia 7 ya Wajapani wote, na mwaka 1994 wakawa asilimia 14. Ufaransa ilihitaji zaidi ya miaka 100 kutoka kiwango cha kwanza hadi cha pili, ilhali Japani ilihitaji miaka 24 tu. Leo kiwango hicho kinakaribia asilimia 30.

Sababu zake zinafahamika: watu wanaishi miaka mingi, na watoto wanaozaliwa ni wachache. Kati ya 1947 na 1949 walizaliwa watoto zaidi ya milioni 2.6 kila mwaka, lakini mwaka 2024 walizaliwa takriban 686,000. Watoto wale wa baada ya vita ndio walioviendesha viwanda vya Japani katika miaka yake ya neema, na kufikia mwaka 2025 wote waliobaki hai wametimiza miaka 75.

Nianze na upande wa fedha, ambao ndio hutajwa zaidi. Tangu mwaka 1961 kila mkazi wa Japani amewekewa bima ya afya na pensheni, na sehemu kubwa ya mafao ya wazee wa leo hutoka katika michango ya wafanyakazi wa leo. Wachangiaji walipoanza kupungua, sheria ya mwaka 2004 ilipandisha michango ya waajiriwa kidogo kidogo hadi ikafika asilimia 18.3 ya mshahara mwaka 2017, nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, kisha ikaisimamisha hapo na kuweka utaratibu wa kuzuia mafao yasipande kwa kasi ile ile ya bei na mishahara. Kodi ya matumizi, iliyoanza kwa asilimia 3 mwaka 1989, ilifika asilimia 10 mwaka 2019, na bado deni la serikali limezidi mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima. Hayo nimeyapitia haraka kwa makusudi. Serikali ikipungukiwa na fedha inaweza kukopa au kuongeza kodi, lakini hakuna mahali inapoweza kukopa saa za mtu wa kumnyanyua mgonjwa kitandani, kumwogesha na kumlisha, wala hakuna ghala la kuziwekea akiba saa hizo tangu ujana.

Wajapani walilijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1973 serikali iliamua kwamba wenye umri wa miaka 70 na zaidi watibiwe bure. Uamuzi huo ulitoka katika nia njema, nami siulaumu. Hata hivyo, wazee wengi walilazwa hospitalini kwa miezi na hata kwa miaka, ingawa maradhi yao hayakuhitaji daktari wa kila siku, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwatunza. Kwa vizazi vingi kazi hiyo iliachiwa binti wa nyumba, na zaidi mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, wala haikuhesabiwa katika pato la taifa kwa kuwa hakuna aliyeilipia. Wanawake walipoingia katika ajira, kazi yenyewe haikutoweka. Ilihamia katika kitanda cha hospitali, ambacho ni ghali kuliko kitanda cha nyumbani. Matibabu ya bure yalikoma mwaka 1983.

Aprili 2000 ilianza bima ya matunzo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya busara zaidi katika historia hii yote. Kila mtu huichangia kuanzia umri wa miaka 40, na mzee anayehitaji msaada hufanyiwa tathmini, kisha hupelekewa mtunzaji nyumbani au hupokewa katika kituo cha kutwa, naye hulipa asilimia 10 tu ya gharama, isipokuwa akiwa na kipato kikubwa. Kazi iliyokuwa imefichwa ikawa ajira. Lakini bei za huduma hizo hupangwa na serikali, mishahara ya watunzaji imebaki chini ya wastani wa nchi, na watumishi hawatoshi. Watu wapatao 100,000 bado huacha kazi kila mwaka ili wawatunze jamaa zao, wengi wao wakiwa katika umri ambao ujuzi wao umekomaa. Ndiyo maana Japani, ambayo haikuwa na desturi ya kupokea wageni wengi, ilianza kuajiri watunzaji kutoka Indonesia mwaka 2008, kisha Ufilipino na Vietnam.

Haki inadai niseme pia kwamba wazee wenyewe hawakukaa bure. Watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa takriban milioni 87 mwaka 1995, na sasa hawafiki milioni 75. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu kubwa na wanawake na wazee, kwani mtu mmoja kati ya kila wanne waliofikisha miaka 65 bado anafanya kazi.

Nimalizie na Yubari, mji wa makaa ya mawe katika kisiwa cha Hokkaido. Mwaka 1960 ulikuwa na watu wapatao 117,000. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1990, mji ukakopa ili ujenge vivutio vya utalii, na mwaka 2007 ukawekwa chini ya uangalizi wa serikali kuu kwa kufilisika. Watumishi wa manispaa walipunguzwa, shule za msingi zikaunganishwa ikabaki moja, hospitali ikageuzwa zahanati, na vijana wakaondoka. Leo wakazi hawafiki 7,000, na zaidi ya nusu yao wamevuka miaka 65. Bomba la maji halifupiki kwa sababu wateja wamepungua, wala theluji haipungui barabarani. Kwa hiyo manispaa imekuwa ikiwaomba wakazi wayahame maghorofa yaliyobaki nusu tupu na kukaa karibu karibu, ili gari la kuondoa theluji na mtunzaji wa wazee wapite njia moja.