Kuhamisha msimbo wa Python 2: makosa yasiyopiga kelele

Hamjambo wenzangu. Wengi wenu hapa Mombasa mnatunza programu za mizigo: ada za makontena Kilindini, ankara za mawakala wa forodha. Zile zinazotumia Python 2.7 zimebaki bila mtunzaji tangu tarehe 1 Januari 2020. Toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, lilitoka Aprili mwaka huo.

Print isiyo na mabano isiwaumize kichwa. Python 3 huikataa hata kabla programu haijaanza. Has_key, njia ya zamani ya kuuliza kama kitu kimo kwenye kamusi, nayo huanguka kwa kishindo. Kazi iko kwenye kosa linalonyamaza.

Chukueni kugawanya. Makontena 45, kila lori mawili: 45/2 ilikuwa 22, sasa ni 22.5. Ukiipa range, inayohesabu mizunguko ya kitanzi, inakataa, na hapo una bahati. Ikiingia kwenye ankara, inapita kimya. Mngali kwenye 2.7, tieni from __future__ import division, inayogawanya kama Python 3, faili moja baada ya nyingine, na panapotakiwa nambari kamili andikeni //. Round ni mbaya zaidi. round(2.5) ilikuwa 3.0; sasa ni 2, kwa kuwa nusu huelekea nambari shufwa iliyo karibu. Senti hizo hazionekani mpaka mhasibu alalamike. Fedha zishughulikiwe na moduli ya decimal, mkitaja ROUND_HALF_UP wazi.

Baiti sasa, yaani data ghafi kabla haijawa matini. Kwenye Python 2, 'KE' na u'KE' ni sawa. Kwenye Python 3, baiti na matini si kitu kimoja: b'KE' == 'KE' ni False, wala hakuna onyo. Msimbo uliosoma nambari ya kontena kwenye soketi (mlango wa mtandao wa programu) utaitafuta kwenye kamusi na kujibiwa haimo, ilhali imo. Endesheni majaribio kwa python3 -bb: ulinganisho wa namna hiyo hugeuka kosa. Dawa ni kugeuza baiti kuwa matini mlangoni, zinapoingia, na kuzirudisha kuwa baiti zinapotoka tu. Faili za CSV mlizofungua kwa 'rb' zifunguliwe kwa newline='' na encoding='utf-8'.

Map, inayotumia kazi moja kwa kila kipengele cha orodha, kwenye Python 3 hupitika mara moja tu. Kitanzi cha pili hukuta patupu, na jumla ikawa sifuri.

Zana ya 2to3, inayogeuza msimbo wa Python 2 kuwa wa 3, iliondolewa kwenye Python 3.13, basi mkiitaka wekeni 3.12 kando. Itawabadilishia print, kugawanya haitagusa, maana haijui mlikusudia nini.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha hata mstari mmoja, toeni ankara za mwezi mzima kwa programu ya zamani, mzihifadhi. Kila hatua, zitoeni tena kwa mpya na mlinganishe kwa diff, zana inayoonyesha tofauti za faili mbili. Seva ya zamani isizimwe katikati ya mwezi: ngojeni hesabu zifungwe kwanza.