Kuishi Jambo na Kunyimwa Haki ya Kulijua: Mhadhara kuhusu Tajiriba na Dhuluma

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi na wageni waheshimiwa, nawashukuru kwa kufika. Mada niliyopewa ni pana: yale ambayo falsafa ya ufeministi, pamoja na falsafa iliyozaliwa na maisha ya mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia, yametufundisha kuhusu tajiriba na dhuluma. Nimeona ni heri nianze na tukio moja lililotokea mjini Dallas, Marekani, tarehe 2 Mei 1972.

Siku hiyo Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilikuwa katika mkutano wake wa mwaka. Katika kikao kimoja alipanda jukwaani mtu aliyejifunika uso wote kwa barakoa ya mpira, akavaa nywele za bandia na suti iliyompwaya, akazungumza kupitia chombo kilichobadilisha sauti yake. Alitambulishwa kwa jina la bandia, Daktari H. Asiyejulikana. Alianza kwa kutamka mambo mawili tu: kwamba yeye ni shoga, na kwamba yeye ni daktari wa magonjwa ya akili. Ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla ya John Fryer, daktari wa Philadelphia, kusema hadharani kwamba mtu yule alikuwa yeye.

Wakati huo mwongozo rasmi wa chama hicho uliyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa wa akili. Daktari aliyejulikana kuwa shoga aliweza kupoteza kazi, na Fryer mwenyewe alikuwa ameshaonja hasara hiyo. Kando yake jukwaani walikaa Frank Kameny, mwanaastronomia aliyefukuzwa kazi ya serikali mwaka 1957 kwa sababu hiyohiyo, na Barbara Gittings, mwanaharakati wa miaka mingi. Hao wawili hawakuvaa barakoa. Walikuwapo pia madaktari ambao si mashoga lakini waliwaunga mkono. Mwenzi wa Gittings, Kay Lahusen, ndiye aliyegundua pengo katika mpango wa kikao: walikuwapo mashoga wasio madaktari, walikuwapo madaktari wasio mashoga, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa yote mawili. Gittings aliwaandikia madaktari kadhaa aliowafahamu, na wakamkatalia. Fryer alikubali kwa sharti la kujificha.

Naomba tulitazame tukio hili kwa utulivu, kwa kuwa dhuluma iliyomo si nyepesi kama inavyoonekana mara ya kwanza. Fryer hakukosa elimu, wala hakukosa lugha ya kujieleza. Alikuwa na kila kitu ambacho taaluma yake humdai shahidi, yaani shahada, cheo na mazoea ya kutibu wagonjwa. Hata hivyo, taaluma hiyo ilikuwa imejipanga kwa namna ambayo mtu hakuweza kuwa mjuzi wa jambo hilo na papo hapo kuwa miongoni mwa wale linaowahusu. Aliponyamaza kuhusu maisha yake alibaki daktari, na kauli yake ikapokewa. Kama angeyataja angegeuka mgonjwa, na kauli yake ingesomwa kama dalili ya ugonjwa. Kuishi jambo kulimnyang'anya mtu haki ya kulijua. Hoja ninayotaka kuitetea leo ni kwamba ziko dhuluma zinazochukua tajiriba ya mtu, ambayo ingekuwa ushahidi wake mzito kuliko wote, na kuifanya iwe ndiyo sababu ya kutomsikiliza.

Falsafa imechelewa kuliona jambo hili, kwa sababu kwa karne nyingi ilimchukulia mjuzi kuwa mtu yeyote, asiye na mwili wala mahali. Simone de Beauvoir, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliutikisa msimamo huo mwaka 1949. Juzuu la pili la kitabu chake maarufu kuhusu wanawake alilipa jina la tajiriba ambayo mtu ameiishi, na humo akaeleza namna msichana anavyojifunza, tangu utotoni, kuuona mwili wake kwa macho ya wanaomtazama. Miaka mitatu baadaye Frantz Fanon, tabibu kutoka Martinique, alilitumia neno hilohilo katika jina la sura aliyoandika kuhusu mtu mweusi anayetazamwa na weupe wa Ufaransa. Mwaka 1980 Iris Marion Young, mwanafalsafa wa Marekani, akaonyesha kwamba hata namna ambavyo wasichana wa jamii yake hurusha mpira, kwa mkono mmoja huku mwili uliobaki umejizuia, si maumbile; ni mwili uliokwisha kufundishwa kwamba nafasi inayouzunguka si yake. Wote watatu hawakutumia tajiriba kama pambo la hoja. Kwao tajiriba ndiyo mahali ambapo mfumo wa jamii unaonekana ukifanya kazi, ndani ya mkono, ndani ya macho, ndani ya kimya cha mtu.

Miranda Fricker, mwanafalsafa wa Uingereza, aliipa dhuluma ya namna hii nadharia kamili mwaka 2007. Alitofautisha sura zake mbili. Ya kwanza ni pale msikilizaji anapompunguzia msemaji imani kwa sababu ya chuki aliyo nayo dhidi ya kundi lake: mwanamke anasema, na neno lake linapimwa kwa mizani pungufu. Ya pili ni pale jamii nzima inapokosa dhana ya kuelezea jambo linalowapata wanyonge wake, kwa kuwa wenye nguvu, ambao ndio watungaji wa dhana, hawakuwahi kulihitaji. Mfano wake mkuu wa sura ya pili ni Carmita Wood, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu.

Wood alifanya kazi ya ofisi kwa miaka minane katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York. Profesa mmoja alikuwa akimpapasa na kumsumbua kila alipopata nafasi, hadi mama yule akaanza kupata maumivu ya mwili yaliyotokana na msongo. Aliomba ahamishiwe idara nyingine, hakuhamishwa, akaacha kazi. Alipokwenda kudai malipo wanayopewa wasio na kazi aliulizwa sababu ya kuacha, naye akasema ni sababu za binafsi. Akanyimwa malipo. Mwaka 1975 alikutana na wanawake waliokuwa wakijadili masuala ya kazi hapo chuoni, nao walipoanza kusimuliana waligundua kwamba kila mmoja wao alikuwa na kisa cha namna hiyo alichokuwa amekificha. Waliamua kuliita jambo hilo unyanyasaji wa kijinsia kazini, wakaitisha mkutano wa hadhara mjini Ithaca mwezi Mei mwaka huo. Mwaka 1986 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikubali, katika shauri la Mechelle Vinson, mwanamke mweusi mfanyakazi wa benki, kwamba unyanyasaji huo ni ubaguzi unaokatazwa na sheria.

Fricker anasema kwamba kabla ya mikutano ile Wood mwenyewe hakuweza kulielewa vizuri lililompata. Hapa nasimama na wakosoaji wake, miongoni mwao wanafalsafa Rebecca Mason na Gaile Pohlhaus, wanaotukumbusha kwamba kukosa jina linalokubalika ofisini si sawa na kukosa ufahamu. Wood alijua. Aliomba uhamisho kwa sababu alijua. Wanawake weusi wa Marekani walikuwa wamelijua jambo hilo tangu enzi za utumwa, wakaonyana mama kwa binti, na si ajabu kwamba wanawake weusi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulifikisha mahakamani. Maarifa yalikuwapo, lililokosekana ni msikilizaji aliyelazimika kuyapokea. Pohlhaus huuita upungufu huo ujinga wa kukusudia, na naona ameupa jina linaloustahili, kwani karani aliyepokea jibu la Wood angeweza kuuliza swali la pili na hakuna sheria iliyomzuia.

Si kila anayenyimwa usikivu hunyimwa kwa namna moja. Katika shauri la mwaka 1976 wanawake watano weusi walishtaki kampuni ya General Motors, ambayo haikuwa imeajiri wanawake weusi kiwandani mwao kabla ya mwaka 1964, na sasa ilikuwa ikipunguza wafanyakazi kwa kuanzia na walioajiriwa mwishoni. Mahakama ilisema kampuni iliajiri wanawake, ambao walikuwa weupe, kwa hiyo hapakuwa na ubaguzi wa jinsia. Kuhusu rangi, iliwashauri wajiunge na shauri jingine. Kimberlé Crenshaw, mwanasheria wa Marekani, aliijenga nadharia yake ya mwaka 1989 kuhusu kukutana kwa aina mbalimbali za ubaguzi juu ya hukumu kama hiyo: maisha ya wanawake wale yalikatwa vipande viwili, na kila kipande kikaonekana hakina jeraha.

Lipo pingamizi zito, nami silidharau. Mwaka 1991 mwanahistoria Joan Scott alionya kwamba tajiriba nayo hutengenezwa na jamii, na kwamba kuichukua kama ushahidi usiohojiwa ni kurudia kile jamii ilichokwisha kumfundisha mtu kujiona nacho. Kabla ya mwaka 1973 walikuwapo mashoga wengi waliokwenda kwa madaktari wakiamini, kwa dhati ya mioyo yao, kwamba ni wagonjwa. Je, nao hawakuwa wakisema tajiriba yao? Jibu langu ni kwamba walikuwa wakiisema, na mateso yao yalikuwa ya kweli, lakini maelezo ya chanzo cha mateso hayo walikuwa wamepewa na haohao waliowatesa. Mtu akiwa peke yake na maumivu yake hana namna ya kutofautisha jeraha na maelezo ya jeraha. Akikaa na wenzake, wakasimuliana, wakapingana, wakasahihishana, tofauti hiyo huanza kuonekana. Ndiyo maana vikundi vya wanawake vya kusimuliana maisha yao vilivyoanza New York mwishoni mwa miaka ya 1960 vilikuwa kazi ya kifalsafa kwa maana kamili ya neno hilo, ijapokuwa vilikutana sebuleni.

Hata utafiti uliowasaidia mashoga ulianzia kwenye usimulizi. Evelyn Hooker, mwanasaikolojia wa Los Angeles, alisukumwa na mwanafunzi wake wa zamani, shoga, aliyemwambia kwamba ni wajibu wake kama mwanasayansi kuwachunguza watu kama yeye. Mwaka 1957 alichapisha matokeo: alikuwa amewapima wanaume 30 mashoga na 30 wasio mashoga, na wataalamu waliopewa majibu bila majina walishindwa kuwatofautisha. Desemba 1973 bodi ya chama cha madaktari iliyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa. Wapinzani wakadai kura ya wanachama wote, na mwaka 1974 wanachama 5,854 waliuunga mkono uamuzi huo dhidi ya 3,810. Watu wengi husema kwa lawama kwamba sayansi haipigiwi kura. Nakubali, lakini nawaomba waulize pia ni ushahidi gani uliowaweka watu hao katika orodha hapo awali, kwa kuwa madaktari walikuwa wamewachunguza hasa wale waliofika kliniki na magerezani, kisha wakatoa hukumu juu ya wote.

Nisingependa tudhani haya ni ya Marekani pekee. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, pwani ya Kenya, wakapelekwa kufanyiwa kwa lazima uchunguzi wa sehemu za siri ili miili yao itoe ushahidi dhidi yao. Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2016 ilikubali kwamba walikuwa wameridhia, ijapokuwa wao wenyewe walisema hawakuridhia. Mahakama ya Rufani ilibatilisha uamuzi huo Machi 2018, ikasema haki zao zilivunjwa. Dola ilikuwa imeuhoji mwili na kumwacha mwenye mwili, na ilichukua miaka mitatu kwa neno la watu wawili kuhusu miili yao kushinda karatasi iliyosema waliridhia.

Mei 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa maombi ya kubatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Baadhi ya waombaji walikuwa wameapa na kueleza yaliyowapata wao wenyewe, na mahakama ikaona kwamba hawakuleta ushahidi wa kutosha wa ubaguzi. Wanafunzi wa sheria mlio hapa, nawasihi muisome hukumu hiyo sambamba na viapo vilivyowasilishwa, mkiuliza ni simulizi lenye sifa gani ambalo lingetosha, na kama mtu ambaye sheria inamhesabu mhalifu kwa namna anavyopenda angeweza kulileta simulizi hilo bila kwanza kujishtaki.