Wenyeji wa Asili wa Kanada na Sera ya Michezo: Kualikwa na Kuamua

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie nafasi ya wenyeji wa asili katika sera za michezo za serikali. Nitabaki Kanada, kwa sababu huko tofauti kati ya kualikwa na kuamua inaonekana mpaka kwenye bajeti.

Tuanze na mwaka 1970. Mwezi Machi, mjini Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, ilifanyika kwa mara ya kwanza Michezo ya Majira ya Baridi ya Aktiki. Waliobuni wazo hilo ni watawala wa Yukon, Northwest Territories na Alaska, baada ya timu za kaskazini kufanya vibaya katika mashindano ya kitaifa ya 1967. Ratiba yake ilikuwa ya hoki, mpira wa kikapu na michezo mingine inayojulikana kusini.

Mwaka huohuo, kule Inuvik, wenyeji wakaandaa mashindano yao wenyewe, Michezo ya Kaskazini. Mchezaji aliruka, akaupiga kwa mguu mmoja mpira mdogo wa ngozi ulioning'inizwa juu ya kichwa chake, kisha akatua kwa mguu uleule. Wanawake walishindana kuchuna wanyama, kunyonyoa mabata bukini, kuwasha moto na kuchemsha chai. Ngoma zilipigwa, wazee walikuwa katikati ya shughuli, na mshindani kumwelekeza mwenzake aruke vizuri zaidi lilikuwa jambo la kawaida.

Mwanzoni serikali ya shirikisho ilitoa fedha za michezo kwa mashindano yote mawili. Miaka ya 1970 ilipokuwa inayoyoma, maofisa wakaamua kwamba yale ya wenyeji ni utamaduni, si michezo, kwa hiyo watafute fedha kwingine. Hawakupigwa marufuku. Walihamishwa kifungu cha bajeti tu, na fedha zikakauka. Nalitazama jambo hili kwa uchungu, kwa sababu sheria ya kukandamiza unaweza kuipinga hadharani. Marufuku ya potlachi, sherehe za wenyeji za kugawa mali na zawadi, ilianza kutumika 1885, watu wakaivunja, wakafungwa, na mwaka 1951 ikafutwa. Uamuzi wa ofisa kuhusu kipi ni mchezo, utaupeleka mahakama gani?

Ndiyo maana namheshimu sana Wilton Littlechild, wa taifa la Cree, mkoani Alberta. Alipelekwa utotoni katika shule za bweni zilizoundwa kuwavua watoto utamaduni wao, akawa mwanamichezo, kisha mwanasheria. Mwaka 1977, huko Sweden, mbele ya mkutano wa dunia wa wenyeji wa asili, alipendekeza wawe na michezo yao. Mwaka 1990 mji wa Edmonton ukapokea Michezo ya kwanza ya Wenyeji wa Amerika Kaskazini.

Serikali ilitoa sera maalumu mwaka 2005. Ilikiri kwamba wenyeji wana michezo na mila zao, nami nalihesabu hilo kuwa hatua. Lakini sera ni ya wizara, na wizara ndiyo inayoamua nani apewe nini. Mwaka 2015, Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule zile za bweni na ambayo Littlechild alikuwa mmoja wa makamishna wake watatu, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua. Mitano inahusu michezo, na mmoja unadai fedha za uhakika kwa michezo ya jadi ya jamii hizo. Miaka arobaini na mitano baada ya Inuvik, dai ni lilelile.

Sasa watazameni Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji wa asili, ambao nchi yao imekatwa na mpaka wa Kanada na Marekani. Lakrosi, mchezo wa timu wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, ni mchezo wao, lakini mwaka 1880 wenyeji walifungiwa mashindano ya ridhaa ya Kanada kwa kisingizio kwamba ni wachezaji wa kulipwa. Miaka ya 1980 waliunda timu ya taifa lao. Mwaka 2010 walikosa kushiriki mashindano ya ubingwa wa dunia jijini Manchester kwa sababu Uingereza ilizikataa pasipoti zao, nao hawakukubali kusafiri kwa pasipoti za nchi nyingine. Waliketi New York mashindano yakaanza bila wao. Mwaka 2028 lakrosi inarudi kwenye Olimpiki, Los Angeles, na kanuni zinataka kila timu iwe na kamati ya Olimpiki ya taifa inayotambuliwa. Wahaudenosaunee hawana. Wanaomba kuingia kwa bendera yao, katika mchezo walioupa ulimwengu, na mimi naona wanastahili kuingia.