Hamira Inayotengeneza Malighafi ya Dawa ya Malaria

Wageni waalikwa na ndugu wanafunzi, yeyote aliyewahi kukanda unga wa maandazi, akaufunika kwa kitambaa na kurudi baadaye akaukuta umeumuka hadi ukingoni mwa bakuli, ameiona hamira kazini: imekula sukari, ikatoa hewa. Leo nitaeleza jinsi hamira ya jamii hiyohiyo ilivyofanywa igeuze sukari kuwa malighafi ya atemisinini, ambayo ndiyo msingi wa dawa ya mseto tunayopewa tunapougua malaria.

Atemisinini ilitengwa nchini China mwaka 1972 na kundi la watafiti lililoongozwa na Tu Youyou, kutoka kwenye majani ya mmea uitwao atemisia. Zao hilo limelimwa pia Kenya, Tanzania na Uganda, lakini bei yake haitulii: wakulima wakilima kwa wingi, bei huanguka; wakikata tamaa na kuliacha, dawa huadimika. Ndiyo maana Jay Keasling na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaigeukia hamira.

Kwa asili yake, hamira hutengeneza molekuli yenye kaboni 15, ambayo huitumia kujengea ergosteroli, aina ya mafuta iliyo kwenye utando wa seli yake. Watafiti waliipandikizia jeni za atemisia: moja inatoa kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali, kinachoikunja molekuli hiyo kuwa nyingine iitwayo amofadieni, nyingine kimeng'enya kinachoiongezea oksijeni hatua kwa hatua hadi iwe asidi ya atemisini, ambayo ndiyo malighafi ya atemisinini. Hapo ndipo penye kazi ngumu, na kwangu ndipo penye uzuri wa taaluma hii ya kuunda upya seli, kwa sababu seli ina maisha yake na haikuumbwa ituhudumie sisi. Ukiifunga kabisa njia ya ergosteroli, hamira inakufa. Ukiiacha wazi, molekuli zote zinaishia huko. Basi njia hiyo ilibanwa tu, seli ikabakiziwa kiasi cha kuishi. Baadaye viliongezwa vimeng'enya vingine vya mmea huo ili aldehaidi, kemikali inayotokea katikati ya safari, isirundikane na kuidhuru seli. Mwaka 2006 walipata miligramu 100 za asidi hiyo kwa lita. Mwaka 2013, gramu 25.

Kiwanda cha Garessio, Italia, ambacho wakati huo kilikuwa cha kampuni ya dawa ya Sanofi, kilichukua asidi hiyo na kuikamilisha kuwa atemisinini kwa kutumia mwanga na oksijeni. Hata hivyo, bei ya atemisinini hiyo ilikuwa kati ya dola 350 na 400 kwa kilo, hata bila faida, wakati ile ya majani ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 kiwanda hicho hakikuzalisha chochote kwa njia hiyo.

Kwa hiyo mwanafunzi anaponiletea mchoro wa hamira mpya, kabla hatujafika kwenye jeni zake, namuuliza itakula kilo ngapi za sukari ili kutoa kilo moja ya bidhaa, na sukari hiyo itanunuliwa wapi na kwa bei gani.