Wafarini: Dawa Ile Ile, Damu Tofauti

JUMA: Karibuni tena. Dada Mwana, leo naanza na kesi ya nyumbani. Mjomba wangu anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maana donge la damu lilimkamata mguuni. Juzi vidonge vimemwishia, akakopa kwa jirani. Namuuliza, ananijibu, "Dawa si ile ile?"

MWANAHAMISI: Ile ile, ndiyo. Jirani anameza miligramu ngapi?

JUMA: Sijui. Ila jirani ni pande la mtu, mjomba mkavu kama ng'onda.

MWANAHAMISI: Mwili unadanganya, kaka. Mimi pale dirisha la dawa nimempa mzee mnene nusu kidonge kwa siku, kikamtosha. Nyuma yake kasimama binti mwembamba anayehitaji viwili. Wapo wanaokaa sawa kwa miligramu 1, wapo wanaopita 10.

JUMA: Kwa nini?

MWANAHAMISI: Wafarini inakibana kimeng'enya kinachoirudisha vitamini K kazini kila ikishatumika. Ini linaendelea kutengeneza protini za kugandisha damu, ila zinatoka butu, kama kisu kisichonolewa. Sasa jeni ya kimeng'enya hicho, VKORC1, inatofautiana mtu na mtu. Halafu kuna jeni nyingine, CYP2C9, inayoamua ini litaiondoa dawa haraka au polepole.

JUMA: Basi tupimwe jeni, yaishe.

MWANAHAMISI: Ehee! Vipimo vingi vilitafuta aina za CYP2C9 zilizozoeleka kwa Wazungu, zinazoitwa nyota 2 na nyota 3. Sisi Waafrika tuna nyingine, kama nyota 8. Kipimo kisichoitafuta kinakuandika huna tatizo, unapewa dozi kubwa kuliko unayoiweza. Jaribio la COAG la Marekani, 2013, liliona hivyo: Wamarekani weusi waliopangiwa dozi kwa jeni walikaa ndani ya kiwango salama cha damu kuganda kwa muda mfupi kuliko wenzao weusi waliopangiwa kwa umri, uzito na mambo kama hayo.

JUMA: Sayansi ikawageuka!

MWANAHAMISI: Ndiyo maana mimi na kipimo cha damu cha INR hatuachani. Yenyewe haijali jeni zako, inapima damu inachelewa kuganda kiasi gani. Wengi tunawataka 2 hadi 3. Mwenye valvu ya chuma moyoni, ile ya mitrali iliyo kati ya vyumba vya kushoto, 2.5 hadi 3.5.

JUMA: Na mchicha? Mjomba kaacha kabisa, analalamika kila siku.

MWANAHAMISI: Mrudishieni mchicha wake, masikini! Ale kiasi kisichopandapanda na kushukashuka, basi. Mimi nahofia zaidi Septrini na Flajili za kununua duka la dawa bila kusema kitu. Hizo zinapandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha mno, dozi inaongezwa. Siku matibabu ya TB yakiisha, watu wanasahau kuipunguza.

JUMA: Ikishapanda, inashushwaje?

MWANAHAMISI: Inategemea. INR 7 na mtu havuji damu popote? Mara nyingi tunasimamisha dawa na kurudia kipimo. Mwingine anashuka kwa siku 2 au 3, mwingine anakawia, hasa yule ambaye ini lake linaiondoa dawa taratibu.

JUMA: Si mumchome tu vitamini K?

MWANAHAMISI: Haraka hiyo ina gharama. Mwenye valvu ya chuma ukimpa miligramu 10, INR inaporomoka, halafu wafarini inagoma kufanya kazi kwa siku kadhaa. Umemwepusha kuvuja damu, umemweka kwenye donge juu ya valvu. Lakini damu ikivuja kichwani, hapo hakuna mjadala: vitamini K kwenye mshipa, pamoja na plazma, yaani majimaji ya damu, au protini za kugandisha zilizokolezwa.

JUMA: Vyote viwili?

MWANAHAMISI: Vitamini K peke yake inachukua saa kadhaa, maana ini lazima litengeneze protini upya. Zile zilizokolezwa zinafanya kazi ndani ya dakika, lakini haziishi mwilini muda mrefu, kwa hiyo vitamini K ndiyo inayoshika zamu. Ila hospitali nyingi za kwetu zinategemea plazma, nayo lazima iyeyushwe kwanza kutoka kwenye friza.

JUMA: Sawa. Tusome maswali ya wasikilizaji...

MWANAHAMISI: Ngoja. Mjomba anatumia dawa gani nyingine?

JUMA: Wiki hii tumbo lilimsumbua, akanunua... Flajili.

MWANAHAMISI: Pamoja na vidonge vya jirani?

JUMA: Mh.

MWANAHAMISI: Zima mashine umpigie, kaka. Aende akapime INR leo hii.